Kupumzika visiwani si haki ya mgeni peke yake

Miongoni mwa maneno yanayopita midomoni mwa watu bila kuchunguzwa, ni machache yanayotudhuru kimyakimya kama hili: kwamba mume na mke kupanda meli, kwenda kisiwani, kukaa huko siku nne au tano pasipo kazi yoyote, wakatazama maji na ndege kisha wakarudi kwao, hayo ni "mambo ya Wazungu". Neno hilo husemwa ofisini kwa kicheko. Husemwa katika vyumba vya walimu kwa kejeli. Husemwa pia pale Omurushaka, kwenye njiapanda ya Karagwe na Kyerwa, na watu ambao kila alfajiri huyaona mabasi yakiondoka kuelekea Kyaka na Bukoba, kwenye ufuko wa ziwa lenye kilometa za mraba zaidi ya 68,000, ambalo karibu nusu yake ni mali ya Tanzania.

Si neno la mzaha. Ndani yake imejificha imani kwamba mwananchi wa nchi hii aliumbwa kuhudumia mapumziko ya wengine, yeye mwenyewe asipumzike kamwe. Atandike kitanda asichokilalia, apige kasia la mtumbwi asiopanda kwa starehe yake, na awafundishe watoto habari za visiwa ambavyo hatavikanyaga mpaka anastaafu. Imani hiyo ni kasumba. Tuliambiwa tangu zamani kwamba kasumba haiondoki siku bendera inaposhushwa. Huondoka siku watu wanapoikataa kwa akili na kwa vitendo. Makala haya yanakusudia kuikataa.

HAKI ILIYOANDIKWA

Kwanza tuelewane kuhusu jambo la msingi. Likizo yenye malipo haikuletwa duniani na matajiri. Matajiri hawakuihitaji, kwa kuwa maisha yao yalikuwa likizo. Ilipiganiwa na wafanyakazi. Mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa ya viwandani, wafanyakazi wa Ufaransa walipata kwa sheria majuma mawili ya likizo yenye malipo kila mwaka, na familia ambazo hazikuwahi kuiona bahari ya nchi yao wenyewe zikaiona kwa mara ya kwanza. Mwaka huo huo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu likizo zenye malipo. Mwaka 1948 Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, katika kifungu cha 24, liliandika kwamba kila mtu anayo haki ya kupumzika na kupata likizo za vipindi zenye malipo.

Hapa kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 za mfululizo. Mtumishi wa umma ana utaratibu wake wa kulipiwa nauli ya likizo, yeye pamoja na mwenzi wake na wategemezi wake, kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo mwalimu wa Omurushaka anayetaka kupumzika na mkewe haombi sadaka. Anaomba kitu ambacho dunia imekikubali na nchi yake imekiandika katika sheria.

Swali basi ni hili: siku hizo 28 huenda wapi?

LIKIZO INAVYOLIWA

Kila mtumishi anajua jibu, ila halisemi. Likizo ya mwalimu huwekwa katika miezi shule zinapofungwa, yaani Juni na Desemba. Juni katika Karagwe na Kyerwa ni mwezi wa kahawa: kuchuma, kuanika, kulinda mkeka usinyeshewe, kupanga foleni kwenye chama cha msingi, na kumkwepa mnunuzi wa butura anayetaka kahawa ikiwa bado mtini. Desemba ni mwezi wa maharage, wa harusi, wa matanga yaliyoahirishwa, na wa kufyatua matofali ya nyumba isiyokwisha. Mwalimu huingia likizo akiwa amechoka na kutoka akiwa amechoka zaidi. Januari anasimama mbele ya darasa lenye watoto wengi akiwa na sauti iliyokauka, nasi tunashangaa kwa nini matokeo ya mitihani hayapandi.

Hali ya mkewe ni mbaya kuliko yake, na kama mwalimu mwenyewe ni mwanamke ndiyo msiba mtupu. Mwanamume anapoingia likizo, angalau jioni huenda kuketi na wenzake kwenye rubisi. Mwanamke anapoingia likizo, kazi ya ofisini hupungua na ya nyumbani huongezeka maradufu, kwa sababu ndugu wote wamekwishaambiwa kwamba "safari hii yupo". Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitamka wazi jambo ambalo wanaume wengi hawapendi kukumbushwa: kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita watu wengine wote, ilhali wanaume wengi wa vijijini huwa kama wako likizo nusu ya maisha yao. Zaidi ya nusu karne imepita. Nani atathubutu kusema kwamba maneno hayo yamechakaa?

Hii ndiyo sababu ninasisitiza likizo ya mume na mke pamoja, mbali na jiko na mbali na shamba. Nyumbani, mume akipumzika mke anampikia. Kisiwani, katika nyumba ya wageni au juu ya sitaha ya meli, wote wawili huandaliwa chakula na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Kwa mwanamke ambaye tangu aolewe hajala chakula asichokipika, hilo si jambo dogo.

Wako pia watumishi wenye shida kubwa zaidi. Tunazo ndoa nyingi za watumishi ambazo zimekatwa vipande na barua za kupangiwa vituo: mume ni mganga katika zahanati ya Kyerwa, mke ni mwalimu Ukerewe, watoto wako kwa bibi yao Muleba. Watu hawa huomba uhamisho mwaka hadi mwaka wapate kuwafuata wenzi wao. Kwao likizo ndiyo ndoa yenyewe. Siku zile 28 ndizo siku pekee ambazo mume na mke hukaa chini ya paa moja, nazo pia huliwa na kahawa na matanga. Ajabu ni kwamba watu hawa ndio wanaolijua ziwa kuliko sisi wote: kutoka Omurushaka kwa basi hadi Bukoba, kutoka Bukoba kwa meli usiku kucha hadi Mwanza, na kutoka Mwanza kwa chombo kingine hadi Nansio. Wamesafiri majini kwenda visiwani mara nyingi kuliko watalii wengi. Hawajasafiri hata mara moja kwa ajili ya kupumzika.

WALIOKUJA KUPUMZIKA KWETU

Wale wanaodai kwamba matembezi ya majini ni desturi ya kigeni wasome historia ya Karagwe yenyewe. Mwaka 1861 Wazungu wawili, Speke na Grant, walifika Bweranyange kwa Mukama Rumanyika, wakapokewa kwa ukarimu ambao Speke aliusifu katika kitabu chake. Chini ya makao ya Mukama lilikuwapo ziwa dogo. Speke alilipachika jina la ziwa la kwao Uingereza, kana kwamba maji hayo yalikuwa yakimngoja yeye ndipo yapate jina. Lakini kitabu chake mwenyewe kinaeleza matembezi ya mitumbwi na karamu ya mapumziko katika ziwa hilo. Ziwa lilikuwa la Rumanyika, na mitumbwi ilikuwa ya Wanyambo. Sasa mjukuu wa waliopiga makasia hayo anaambiwa kwamba kustarehe juu ya maji ni uigaji wa mambo ya kigeni!

Mgeni mwingine hakuja na karamu. Mwaka 1875 Stanley alizunguka ziwa letu kwa mashua yake. Katika kisiwa cha Bumbire, upande wa Muleba, aligombana na wenyeji, na baada ya miezi michache alirudi na bunduki akawaua watu wengi waliokuwa ufukoni. Visiwa vyetu vimelipa gharama ya "matembezi" ya wengine kwa damu.

Kisha zikaja meli za mvuke za mkoloni, na safari za kulizunguka ziwa zikatangazwa kama burudani. Daraja la kwanza lilikuwa na kitanda, meza yenye kitambaa cheupe na kiti cha kuegemea cha kutazamia machweo. Mwafrika alikuwa katika daraja la tatu, amekaa juu ya mzigo wake pamoja na kuku. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu, iliingia kazini MV Victoria, iliyoundwa Scotland na kuunganishwa Kisumu. Ilikuwa meli nzuri iliyozunguka Kisumu, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mzunguko huo ulikufa, na meli ikabaki Tanzania. Ikatutumikia kwa miongo mingi, ikachoka, ikakaa miaka kadhaa bila kazi, ikakarabatiwa, na mwaka 2020 ikarejea majini ikiwa na uwezo wa kuchukua abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Meli mpya ya MV Mwanza, yenye uwezo kama huo wa abiria, ilishushwa majini Februari 2023. Meli hizo zimegharamiwa na kodi yetu.

Tutazame na Rubondo. Kisiwa hicho kilifanywa pori la akiba mwaka 1965 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Wavuvi waliokuwa wakiishi humo walihamishwa. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe waliokuwa wamefungiwa katika bustani za wanyama za Ulaya waliletwa kisiwani na kuachiwa huru, nao wakazaliana. Wapo pia nzohe wa asili, tembo na twiga walioletwa, na ndege wasiohesabika. Kutoka Kasenda, karibu na Muganza, ni mwendo mfupi tu wa boti. Raia hutozwa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko anachotozwa mgeni kwa dola. Sisemi kwamba ilikuwa kosa kumpa sokwe kisiwa apumzike baada ya kifungo cha Ulaya. Nauliza tu: sokwe amefika, Mjerumani amefika, Mmarekani amefika; mwalimu wa jiografia wa Karagwe atafika lini?

Takwimu za utalii zinafurahisha. Mwaka 2023 watalii wa kigeni walioingia nchini walifika milioni 1.8, na mwaka 2024 walivuka milioni 2. Januari 2024 meli kubwa ya kitalii, Norwegian Dawn, ilitia nanga Dar es Salaam ikiwa na watalii zaidi ya 2,000, na wengi wetu tulishangilia. Tulikuwa na haki ya kushangilia, kwa maana fedha za kigeni zina kazi yake, na watu wetu hupata ajira. Lakini tusisahau mjadala mkali uliofanyika katika kurasa za magazeti ya nchi hii mwaka 1970, pale vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipohoji kama utalii unaendana na ujamaa. Waliogopa kwamba tutalea taifa la watumishi wa hotelini wanaoinama. Wengine waliwajibu kwamba nchi maskini haiwezi kuchagua mno njia za kupata fedha. Majibu ya pande zote mbili yanaweza kubishaniwa hadi leo. Swali lao la msingi, yaani utalii ni kwa faida ya nani, bado linasimama. Jibu bora kuliko yote ni kumfanya mfanyakazi na mkulima awe naye msafiri katika nchi yake. Mtu anayekaa mezani akaandaliwa leo, kisha kesho akamwandalia mwenzake, hainamii mtu.

HOJA YA KABURI

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo haliwezi kujibiwa kwa kejeli. Wako watu wa Kagera wasiocheka mtu anapotaja safari ya meli. Hunyamaza. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama ikiwa imekaribia kufika. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430; ilibeba wengi kupita kiasi hicho, na waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Makaburi ya Igoma, Mwanza, ni ushahidi. Nyumba nyingi za Bukoba, Muleba, Karagwe na kwingineko zilipoteza baba, mama, au mtoto aliyekuwa akirudi shuleni. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilikuwa na nafasi ya watu 101. Waliokufa ni 228. Nani basi anawaambia watu hawa waende majini kustarehe?

Mimi ninawaambia, na sababu yangu ni hii. Hofu ya maji tuliyorithi mwaka 1996 imewekwa mahali pasipo pake. Ziwa halikuwaua watu wale. Waliuawa na tiketi iliyouzwa kupita nafasi, na mzigo uliopakiwa kupita kipimo, na mkubwa aliyeona akanyamaza. Tunayo methali isemayo kwamba ajali haina kinga, nayo imetumiwa vibaya sana katika nchi hii. Radi haina kinga, labda. Chombo chenye nafasi 101 kupakiwa watu zaidi ya mara mbili si radi. Ni uamuzi wa mtu mwenye jina na mshahara.

Safari ya mapumziko ndiyo ingekuwa shule ya kinga hiyo. Abiria mwenye haraka, anayewahi msiba au soko, huvumilia kubanwa. Hujipenyeza, husimama juu ya mizigo, humwambia nahodha twende. Abiria aliyekwenda kupumzika havumilii. Huuliza jaketi lake la kuokolea liko wapi. Huuliza jina lake limeandikwa katika daftari gani. Hukataa kupanda chombo kilichojaa, kwa sababu hana pa kuwahi. Tukipata abiria wa namna hiyo wengi, wenye elimu na wenye kujua sheria, wakaguzi wa vyombo watapata wasaidizi elfu bila mshahara. Kuheshimu waliokufa mwaka 1996 na 2018 si kuligeuzia ziwa kisogo. Ni kuhakikisha kwamba mtu anaweza kulipita akiwa amelala usingizi.

ANASA NI IPI?

Pingamizi jingine ni la fedha. "Mwalimu mwenye deni, asiyemaliza nyumba, anakwenda kisiwani? Hiyo si anasa?" Nami najibu kwamba anasa ipo, na ninaipiga vita pamoja na waulizaji. Anasa ni yule mtumishi anayekwenda kwa wakopeshaji wa "kausha damu", akaacha kadi yake ya benki rehani, ili akapige picha katika hoteli ya Unguja na kuwatumia wenzake waone. Anarudi baada ya siku tatu, na mshahara wake wa mwaka mzima umekwisha kuliwa. Huyo hakupumzika. Alifanya kazi ngumu ya kuonekana, na riba ndiyo iliyopumzika kwa niaba yake. Anasa pia ni yule mkubwa anayeita safari yake ya starehe "semina", akalala ufukoni kwa posho ya umma, kisha akarudi ofisini kumnyima karani wake nauli ya likizo kwa kisingizio kwamba fungu limekwisha. Huyo ndiye tungepaswa kumwonea haya, badala ya mwalimu aliyeweka akiba yake mwenyewe akapanda meli pamoja na mkewe.

Kitu kinachopimwa kwa uwezo wa mtu, kikalipwa kwa akiba yake, na kikamrudisha kazini akiwa na nguvu, si anasa. Wahenga hawakusema kazi tu. Walisema kazi na dawa.

Liko na pingamizi la tatu, nalo ndilo zito zaidi kwa wenye imani ya usawa: "Mkulima wa Nkwenda hana likizo, hana nauli, na kodi yake ndiyo inayomlipa mwalimu. Kwa nini mwalimu astarehe juu ya mgongo wake?" Swali hilo ni la haki, na mtumishi asiyelisikia moyoni hafai kuitwa mtumishi. Lakini jibu lake haliwezi kuwa kwamba wote wachoke sawasawa. Usawa wa uchovu si usawa tulioutafuta. Jibu ni kwamba mkulima naye apewe njia. Vyama vya ushirika vya kahawa, ambavyo huwakusanya wakulima wa Karagwe na Kyerwa kila msimu, vingeweza kuwaandalia wanachama wao na wake zao safari ya siku chache msimu unapokwisha, kwa akiba ndogo inayokatwa kwa hiari yao wakati wa mauzo. Mwalimu atangulie kuonyesha njia, kisha amshike mkono mkulima. Ndiyo kazi ya mwalimu hata darasani.

YANAYOPASA KUTENDWA

Lawama bila ushauri ni kelele. Ninapendekeza mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje.

La kwanza, nauli ya likizo ilipwe kwa wakati wake. Fedha inayolipwa baada ya likizo kwisha si nauli, ni kumbukumbu. Wakurugenzi wa halmashauri wapange orodha ya wanaostahili mapema, na orodha hiyo ibandikwe ubaoni ili kila mtu aione.

La pili, maombi ya uhamisho ya watumishi wanaotaka kuungana na wenzi wao yashughulikiwe kwa haraka na kwa haki, bila kujuana. Hakuna kisiwa kinachoweza kuiponya ndoa iliyotenganishwa na barua ya serikali.

La tatu, meli zetu zipewe kazi ya ziada katika miezi ya Juni na Desemba. Daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025, na safari ya barabara kati ya Mwanza na magharibi ya ziwa imekuwa nyepesi. Wapo watakaouliza meli zitafanya nini abiria wenye haraka wakihamia barabarani. Jibu ni hili: zichukue wasio na haraka. Ziweke safari za likizo zinazotoka Bukoba au Mwanza na kupita visiwani, kwa nauli inayolipika kwa mshahara wa mwalimu, idadi ya abiria ikiwa imefungwa na kutangazwa.

La nne, Hifadhi ya Rubondo ijenge na kutangaza malazi ya bei nafuu kwa raia, ya kulala mume na mke na si makundi ya wanafunzi tu. Hifadhi za Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato, zilizopandishwa hadhi mwaka 2019, ziunganishwe katika safari hiyo hiyo. Mtu akitoka Omurushaka aweze kuona mto Kagera kwenye mpaka wetu na Rwanda na Uganda, kisha aende ziwani unakomwaga maji yake. Hapo somo la jiografia litaacha kuwa ramani ya ukutani.

La tano, vyama vya wafanyakazi na vyama vya akiba na mikopo vianzishe mifuko ya likizo. Nasema akiba, sisemi mikopo. Mwalimu akiweka kiasi kidogo kila mwezi kwa miaka miwili, sambamba na zamu yake ya nauli, atakwenda na kurudi bila kudaiwa na mtu. Akiba haiozi, na anayepumzika huku anadaiwa hapumziki.

NENO KWA WATUMISHI

Mengine hayo ni ya wakubwa. Lakini ndugu zangu watumishi na walimu, liko moja ambalo ni letu wenyewe, wala hatuhitaji waraka wa Wizara ili tulitende: tuache kuona haya. Tumejifunza kuficha uchovu kama sifa na kuficha furaha kama kosa. Mwalimu akimchukua mkewe kwenda hospitali, kijiji kizima humwombea; akimchukua kwenda kisiwani, kijiji huuliza fedha kaiba wapi. Waume ndio waanze kuvunja desturi hii, kwa kuwa wao ndio wenye sauti ya kuamua kwamba Juni hii kahawa itachumwa na vibarua wanaolipwa, na mama watoto hataingia jikoni kwa siku tano. Na wake wasikubali kudanganywa kwamba upendo ni kuchoka pamoja tu.

Nchi haijengwi na watu waliokwisha. Mtoto wa Omurushaka anahitaji mwalimu aliyeliona ziwa lake, aliyelala juu ya maji yake akaamka salama, na aliyerudi darasani akiwa na neno jipya la kusema. Mwalimu huyo ana haki ya siku 28, meli ameilipia kwa kodi yake, na kisiwa kiko ndani ya mipaka ya nchi yake. Juni inakuja. Walio ofisini waandae nauli, walio melini wahesabu abiria, na walio madarasani waanze leo kuweka akiba.